Mwongozo kamili: jinsi ya kuwa mwongozaji wa tamthilia za televisheni Uingereza

Watu wengi hudhani mwongozaji huajiriwa kwa sababu ya kipaji. Kipaji kinahitajika, lakini anayekupa kazi huko Uingereza ana swali jingine kichwani: jioni ikifika, sini zote zilizopangwa leo zitakuwa zimepigwa, na zitafaa? Tamthilia ya kiwango cha juu inayostahili nafuu ya kodi, utaratibu ulioanza 2013, lazima igharimu wastani wa angalau pauni milioni 1 kwa kila saa ya kurushwa hewani. Hakuna mtayarishaji anayemkabidhi mtu fedha hizo kwa sababu tu alizungumza vizuri kwenye usaili. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinahusu jambo moja: namna ya kujenga kuaminiwa bila kupoteza jicho lako mwenyewe.

Nimemwandikia kijana wa Kiswahili aliyeko London, Leicester au Cardiff anayetafuta pa kuanzia, na pia aliyeko Nairobi au Dar es Salaam anayefikiria kwenda kusoma huko.

Hatua ya 1: Jua nani ana kauli ya mwisho

Televisheni ya Uingereza ni ya mwandishi. Uliza mtazamaji yeyote kuhusu tamthilia ya Happy Valley, atakutajia Sally Wainwright aliyeiandika. Ni wachache watakaokuambia kwamba Euros Lyn ndiye aliyeongoza sehemu ya kwanza, mwaka 2014. Kwenye sinema mwongozaji ni mkuu wa nyumba. Kwenye televisheni unaingia katika nyumba ambayo tayari ina wenyewe: mwandishi, mtayarishaji mtendaji, na mkuu wa tamthilia wa chaneli iliyotoa fedha.

Mfululizo hugawanywa katika bloku, na mwongozaji mmoja hupewa bloku ya sehemu mbili au tatu. Anayepewa bloku ya kwanza ana nafasi kubwa zaidi kuliko wenzake. Yeye hushiriki kuchagua waigizaji wakuu na mpiga picha mkuu, huamua rangi, mwendo wa kamera na aina ya lenzi. Wanaomfuata hufanya kazi ndani ya sura aliyoiweka. Bloku ya kwanza ndiyo utakayoitafuta kwa miaka mingi, na hutaipata mwanzoni.

Hatua ya 2: Chagua mlango

Milango ni mingi. Ken Loach alitoka kwenye jukwaa la maigizo akaingia BBC, na mwaka 1964 alikuwa akiongoza Z Cars, tamthilia ya polisi. Mike Newell na Michael Apted walichukuliwa kama wanagenzi na kituo cha Granada cha Manchester katika miaka ya 1960. Susanna White alitengeneza makala za maisha halisi kabla ya kushika tamthilia. Philip Barantini alikuwa mwigizaji, tena aliwahi kufanya kazi ya upishi mikahawani.

Siku hizi vituo haviajiri tena wanagenzi wa kudumu kama zamani, na karibu kila mwongozaji ni mfanyakazi huru. Shule inayoheshimiwa zaidi ni National Film and Television School iliyoko Beaconsfield, magharibi ya London, iliyoanzishwa 1971. Ada yake ni kubwa, hasa kwa mwanafunzi wa kigeni, kwa hiyo tafuta ufadhili kabla ya kutafuta nafasi. Faida yake kuu ni wenzako wa darasani. Mpiga picha, mhariri na mtayarishaji unaosoma nao leo ndio watakaokutaja jina miaka kumi ijayo.

Tahadhari moja. Wengi huanza kama vijana wa kutumwa kwenye seti, wakapanda hadi msaidizi wa tatu, wa pili, kisha wa kwanza wa mwongozaji, wakiamini ngazi hiyo inaishia kwenye kiti cha mwongozaji. Kwa kawaida haiishii hapo. Msaidizi wa kwanza anasimamia muda na watu, na akipanda huelekea zaidi kwenye usimamizi wa uzalishaji. Ukitaka kufika kwenye uongozaji kwa kupitia kazi nyingine, mimi ningekushauri uhariri, usimamizi wa mwendelezo (kuhakikisha shoti moja inaoana na nyingine), au jukwaa la maigizo, kwa sababu huko unashughulika na hadithi na mwigizaji kila siku.

Kwa asiye na haki ya kufanya kazi Uingereza, viza ya kawaida ya mwajiri haimfai mtu anayehama kutoka mkataba wa wiki nane kwenda mwingine. Ipo viza ya Global Talent, ambayo kwa watu wa filamu na televisheni maombi hupimwa na Pact, umoja wa kampuni huru za uzalishaji. Inadai ushahidi wa tuzo au uteuzi, kwa hiyo weka kumbukumbu ya kila tamasha lililopokea kazi yako.

Hatua ya 3: Tengeneza filamu fupi inayoonyesha uamuzi wako

Filamu fupi ndiyo barua yako ya kuomba kazi. Dakika kumi zinatosha, kumi na tano ni nyingi. Mtayarishaji ataangalia dakika mbili za mwanzo, na akivutiwa ataendelea. Usipoteze hizo mbili kwa machweo na majina ya wasanii.

Anachotafuta ni waigizaji wawili wanaoaminika ndani ya chumba kimoja, na kamera inayojua inamwangalia nani na kwa nini. Picha za droni hazimshawishi mtu kwamba unaweza kuongoza sini ya mama anayeficha habari mbaya.

Barantini alitengeneza filamu fupi kuhusu jiko la mkahawa mwaka 2019, ikaitwa Boiling Point. Miaka miwili baadaye ikawa filamu ndefu iliyopigwa kwa teki moja bila kukata, naye Stephen Graham akiwa mwigizaji mkuu. Kutokana na kuaminiana huko ikaja tamthilia ya televisheni ya Adolescence ya mwaka 2025, sehemu nne, kila moja teki moja. Iliyompatia tuzo ya Emmy ya uongozaji ni kazi aliyoanza kuijaribu kwenye filamu fupi, mahali anapopafahamu. Ukiwa na duka la mjomba wako, gereji, au saluni ya dada yako, anzia hapo. BFI Network, mpango wa Taasisi ya Filamu ya Uingereza, hufadhili filamu fupi, na maombi yao ni ya wazi kwa wanaoanza.

Hatua ya 4: Kaa pembeni ya mwongozaji mwingine

Kabla ya kupewa sehemu yako ya kwanza, mara nyingi utaombwa kumfuata mwongozaji mzoefu kuanzia maandalizi hadi chumba cha uhariri. Usiseme neno kwa waigizaji. Usitoe ushauri usioombwa. Andika kila siku alipanga shoti ngapi, alipata ngapi, na alitupa zipi. Hesabu hiyo ya zilizotupwa ina thamani kuliko somo lolote la darasani.

Hatua ya 5: Pitia tamthilia za kudumu

Tamthilia za kudumu ni zile zinazorushwa mwaka baada ya mwaka bila kufika mwisho. Hapa ndipo waongozaji wengi wa Uingereza walipokomaa, na hapa nitakaa zaidi.

Coronation Street ilianza tarehe 9 Desemba 1960. EastEnders ilianza tarehe 19 Februari 1985. Casualty, tamthilia ya hospitali ambayo leo hutengenezwa Cardiff, ilianza 1986. Kuna wanaozidharau. Lakini Tom Hooper aliongoza EastEnders kabla ya kuongoza Elizabeth I mwaka 2005 na The King's Speech iliyompa Oscar. Justin Chadwick naye alipita EastEnders, kisha mwaka 2005 akapewa Bleak House, riwaya ya Charles Dickens ambayo BBC iliigawa katika sehemu 15, nyingi zikiwa za nusu saa, zikirushwa mara mbili kwa wiki. Walitaka riwaya ya karne ya 19 itazamwe kwa hamu ile ile ya tamthilia za kudumu, na sehemu kubwa walimkabidhi mtu anayeijua hamu hiyo kutoka ndani. Sehemu nyingine aliongoza Susanna White. Ilishinda BAFTA, tuzo kuu ya televisheni ya Uingereza, ya mfululizo bora. Miaka michache baadaye Chadwick alikuwa Kenya akipiga filamu ya The First Grader, hadithi ya mzee Kimani Maruge aliyejiandikisha darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84. Watoto wengi wa darasa lile hawakuwa waigizaji, na mtu asiyezoea kufanya kazi haraka na kwa utulivu asingewaweza.

Tamthilia za kudumu zinakufundisha nini? Chukua sini moja ya kawaida: mama na mwanawe mkubwa jikoni, mwana anataka kuondoka nyumbani, mama anajua siri ya barua iliyo mezani. Kwenye muswada ni kurasa 2 na 2/8, maana msaidizi wa kwanza huhesabu kwa vipande vya moja ya nane ya ukurasa. Ratiba imekupa saa moja na robo, na baada yake kuna sini nyingine nne.

Anza kwa kuwatoa watu wote chumbani. Wabaki waigizaji wawili, msimamizi wa mwendelezo na msaidizi wa kwanza. Waache waigizaji waipitie wakiwa wamesimama, bila kuwaelekeza. Angalia mama anasimama wapi mwenyewe. Kama mwigizaji wa mama anasogea kati ya mwanawe na mlango, amekupa sini yako bure. Usimrudishe kwenye kiti kwa sababu ulichora hivyo jana usiku. Tafuta neno ambalo baada yake mambo hayawezi kurudi yalivyokuwa. Hapo ndipo kamera inapaswa kuwa karibu, na kabla ya hapo isiwe karibu.

Baada ya dakika kumi waite wakuu wa idara. Waigizaji wanairudia, na msaidizi wa kamera anabandika utepe sakafuni kwenye miguu yao, kila mwigizaji na rangi yake. Waigizaji wanakwenda kupakwa vipodozi. Mpiga picha mkuu anaanza kuweka taa. Una kama dakika ishirini. Kaa na msimamizi wa mwendelezo, mpange shoti kwa namba: shoti pana ya chumba kizima, ya mama, ya mwana, na ya barua. Ilinde mistari ya macho: kamera ikivuka upande wa pili wa mstari unaowaunganisha, mtazamaji ataona kama wote wawili wanatazama upande mmoja.

Sasa amua mapema utakachokitupa muda ukibana. Shoti pana usiipige mwanzo hadi mwisho mara tano. Mhariri ataitumia mwanzoni, labda na mwishoni mtu anapotoka. Piga mara mbili, songa mbele. Anza na mwigizaji ambaye hisia zake zitachoka upesi. Mwenye machozi asingoje saa nzima akimlisha mwenzake maneno.

Na unapomwelekeza mwigizaji, mfuate alipo, ongea kwa sauti ya chini, mpe jambo moja tu, na liwe tendo. Ukimwambia "kuwa na huzuni zaidi" ataigiza huzuni. Mwambie "mzuie asifike mlangoni, lakini asijue kwamba unamzuia," na utaona mabega yanabadilika, sauti inashuka, na barua iliyo mezani inaanza kuonekana kuwa nzito.

Kwenye studio ya kamera tatu au nne mambo ni tofauti: shoti unazipanga na kuziandika kabla, kila mpiga picha anakuwa na orodha yake, na kosa la mpangilio linaonekana na watu wote papo hapo. Waris Hussein, aliyezaliwa Lucknow, India, na kuhamia Uingereza akiwa mtoto, aliijua presha hiyo akiwa na miaka 24. Mwaka 1963 BBC ilimpa hadithi ya kwanza ya tamthilia ya Doctor Who, mtayarishaji akiwa Verity Lambert. Sehemu ya kwanza iliporekodiwa, mkuu wa tamthilia Sydney Newman aliikataa na kuamuru irekodiwe upya. Waliirudia Oktoba, ikarushwa tarehe 23 Novemba. Hussein aliendelea kuongoza kwa miongo, na Edward & Mrs Simpson ya 1978 ilipata tuzo nyingi. Ukikataliwa kazi, sikiliza kilichokataliwa hasa, kisha kirekebishe hicho.

Nisikufiche: ngazi hii imepoteza vidato. Holby City, tamthilia nyingine ya hospitali, ilifungwa 2022. Doctors, iliyokuwa ikipigwa Birmingham na kuwapa waongozaji wengi nafasi yao ya kwanza, ilimalizika Novemba 2024. Kuanzia Januari 2026 kituo cha ITV kimepunguza tamthilia zake za kudumu, Coronation Street na Emmerdale, hadi nusu saa tano kwa wiki kila moja. Nafasi ni chache na wanaozitaka ni walewale. Kwa hiyo tazama pia tamthilia za watoto, na za Wales na Scotland, ambako ushindani mara nyingine si mkali kama London. Heartstopper, ambayo misimu yake miwili ya kwanza iliongozwa na Euros Lyn, ilionyesha kuwa hadithi ya vijana inaweza kupendwa dunia nzima.

Hatua ya 6: Andaa bloku yako

Umepata sehemu mbili. Soma muswada mara ya kwanza bila kalamu, na ukumbuke ulipochoka. Mara ya pili andika maswali kwa mwandishi, na uyaulize kama maswali kweli. Mwandishi akiona unataka kuielewa hadithi yake atakupa vitu ambavyo havimo kwenye karatasi.

Kisha kuna ukaguzi wa lokesheni pamoja na wakuu wa idara. Simama kila mahali, sikiliza ndege, reli na shule iliyo jirani, uliza jua linafika wapi saa tisa alasiri. Mwezi Desemba Uingereza giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, na waliopanga sini tatu za mchana kwa alasiri moja wamejiumiza wenyewe.

Jua saa ya kurushwa. Kabla ya saa 3 usiku, kanuni za mdhibiti Ofcom hubana matusi, damu na ngono. Sini hiyo hiyo hupigwa kwa namna nyingine kabisa ikiwa ni ya saa 2 usiku. Kama una mwigizaji mtoto, anahitaji leseni ya halmashauri na mlezi kwenye seti, na mwenye miaka 9 na kuendelea haruhusiwi kuigiza zaidi ya saa 5 kwa siku. Mpange yeye kwanza, wengine wapangwe kumzunguka. Sini za faragha zina mratibu wake. Mwite kwenye maandalizi, si asubuhi ya kupiga.

Usiuogope muda wa mazoezi. Kwenye Adolescence kila sehemu ilipewa takriban wiki tatu: ya waigizaji, ya kamera na ufundi, kisha ya kupiga, kwa kawaida teki mbili kwa siku. Kamera ile inaonekana huru kwa sababu kila hatua ilikuwa imekwisha kuamuliwa.

Hatua ya 7: Chumba cha uhariri

Utapewa siku chache za kukamilisha mkato wako, yaani toleo la kwanza la sehemu kama unavyoitaka wewe. Baada ya hapo watayarishaji wataleta maoni, kisha chaneli. Hapa ndipo vijana wengi huharibu jina lao. Mtu akisema "sini ya jikoni ni ndefu," huenda si ndefu. Huenda mtazamaji tayari anajua siri ya barua kutoka sini iliyotangulia. Tafuta ugonjwa, usibishane juu ya dawa. Lakini kama kuna kitu kimoja unachokiamini kabisa, kisimamie kwa adabu na kwa sababu. Mtu asiyesimamia chochote naye haaminiki.

Hatua ya 8: Linda jicho lako

Ukishaaminiwa utaitwa tena, na hatari mpya itakuwa kuitwa kwa kazi ile ile. Chagua angalau kazi moja kila baada ya muda inayokugharimu. Loach angeweza kubaki studio. Badala yake aliichukua Cathy Come Home mitaani, akaipiga kwa filamu kama makala, hadithi ya familia changa inayopoteza nyumba. Iliporushwa tarehe 16 Novemba 1966 ilitazamwa na takriban watu milioni 12, na ukosefu wa makazi ukawa mjadala wa taifa. Mwongozaji Alan Clarke aliona tamthilia yake Scum ikizuiwa na BBC mwaka 1977, akaitengeneza upya kama sinema miaka miwili baadaye. Mwaka 1989 alitoa Elephant, kuhusu mauaji ya Ireland Kaskazini, dakika zisizofika 40 na karibu bila mazungumzo. Mtayarishaji wake alikuwa Danny Boyle, kabla jina lake halijajulikana kwenye sinema.

Wakala mzuri husaidia hapa. Mtafute ukishakuwa na sehemu mbili hewani, na umwambie mapema ni kazi gani hutaki.

Hatua ya 9: Soma mkataba

Sheria ya Uingereza inamtambua mwongozaji mkuu kuwa mtunzi wa filamu pamoja na mtayarishaji, kwa kazi zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Julai 1994. Hata hivyo mkataba wako karibu kila mara utahamishia hakimiliki kwa kampuni. Ndiyo maana ujiunge na Directors UK, chama kilichoanza 1987 kwa jina jingine na kuchukua jina hili 2008. Hicho hukusanya malipo ya marudio na ya mauzo ya nje kutoka kwa watangazaji na kuwagawia waongozaji. Sajili kila sehemu uliyoongoza, hata ile ya nusu saa ya mchana, maana inaweza kuuzwa nchi nyingine miaka ishirini baadaye.

Kabla ya kutia sahihi angalia mambo haya: siku za maandalizi zinalipwa ngapi, siku za uhariri ni ngapi kwa kila sehemu, nani anaweza kuukata mkato wako bila wewe kuwepo, na nini kinatokea upigaji ukiahirishwa. Angalia pia kifungu cha haki ya kutajwa. Haki ya kutambuliwa kuwa mwongozaji haiji yenyewe. Sheria ya hakimiliki ya 1988 inataka uidai kwa maandishi, na mikataba mingi imeandikwa ili uiachie. Muulize wakala au Directors UK kifungu hicho kisomeke vipi, kisha omba kirekebishwe siku hiyo hiyo, kabla hujaonana na mwigizaji hata mmoja.